Mwanaume Mwenye Kifua Kikuu Achague Msimamizi Anayekutana Naye Kazini

Kila inapokaribia 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, kampeni za upimaji huwafuata wanaume masokoni, vituo vya daladala na vijiwe vya bodaboda, na wengi hukubali kutoa makohozi. Wasiwasi wetu uko katika mwezi wa tatu wa matibabu, pale kikohozi kinapokuwa kimekwisha, mwili umerudi, na mgonjwa anaona haina haja ya kupoteza asubuhi ya kibarua kwa kufuata vidonge.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2023, asilimia 55 ya waliougua kifua kikuu duniani walikuwa wanaume, wanawake asilimia 33, na waliobaki ni watoto.

Utaratibu unamruhusu mgonjwa kumezea dawa nyumbani chini ya msimamizi anayemchagua mwenyewe. Wanaume wengi humtaja mke au mama papo hapo. Si kosa, lakini anayetoka Mbagala alfajiri kwenda kushusha mizigo Kariakoo na kurudi usiku, mkewe atajuaje kama amemeza? Tena yapo mambo ambayo mwanaume hamwambii mkewe: kwamba jana alikunywa pombe, kwamba alimeza vidonge tumbo tupu akatapika, kwamba anahofia wenzake watasema ana UKIMWI. Hayo humweleza mwenzake aliyewahi kuyapitia. Ndiyo maana tunashauri achaguliwe mtu aliyemaliza dozi na kupona, hasa wa kijiwe kimoja. Wazo hili si geni jijini. Kikundi cha MKUTA kilianzia Temeke miongoni mwa watu waliowahi kuugua kifua kikuu.

Kazi yenyewe haichukui muda. Kabla ya abiria wa kwanza, dereva wa bodaboda mwenye kilo 55 hadi 70 anatoa vidonge vyake vinne, mwenzake anamwona akimeza, kisha kadi inatiwa alama. Akishtuka kuona mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa, anaelezwa palepale kuwa hiyo ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya dawa anazomeza, na kwamba hata aliyepona ilimtokea.

Naomba lieleweke, kwa kuwa tumelisema miaka yote na bado tunaulizwa: kikohozi kukoma si kupona. Miezi miwili ya kwanza hutumika dawa nne, na miezi minne inayofuata mbili, ambazo kazi yake ni kuua vimelea vilivyosalia. Anayeishia njiani hujiweka katika hatari ya usugu wa dawa, yaani vimelea visivyouawa tena na dawa, na vimelea hivyo huwaambukiza walio nyumbani kwake.

Aliyekatiza asijifiche. Asipofika siku ya miadi hupigiwa simu, kisha hutembelewa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Akipitisha miezi miwili mfululizo au zaidi bila dawa, huandikwa kuwa amepotea katika matibabu, na akirudi makohozi hupimwa upya, pamoja na kipimo cha usugu dhidi ya rifampisini, ndipo apangiwe dawa. Hakuna faini wala polisi, na dawa ni bure katika vituo vya umma. Anayesafiri, awe anakwenda kuvua Mafia au kuvuna Morogoro, achukue fomu ya uhamisho kabla ya kuondoka. Tafadhali msitume ndugu awachukulie dawa mwezi baada ya mwezi. Mgonjwa mwenyewe anatakiwa kuonwa na kupimwa uzito.

Msimamizi naye ajue mipaka yake. Asimpunguzie mwenzake vidonge kwa sababu amelalamika kichefuchefu. Akiona macho yamekuwa ya njano, au mgonjwa anatapika mfululizo, amlete kliniki siku hiyohiyo bila kungoja miadi. Siri ya mgonjwa aitunze. Mgonjwa akiona imevuja, amweleze muuguzi, naye atabadilishiwa msimamizi bila kukatiza dozi.