Mtungi wa Gesi na PV = nRT: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: PV = nRT ni sheria ya gesi zote.

Kanuni hii inaunganisha presha ya gesi (P), ujazo (V), kiasi chake kwa moli, yaani kipimo cha idadi ya molekuli (n), na joto kwa kelvini (T); R ni namba isiyobadilika. Ni sheria ya gesi isiyokuwepo duniani: molekuli zake hazichukui nafasi wala hazivutani. Kwa hewa ya chumbani kosa lake halifiki asilimia 1, ndiyo maana wanafunzi wanaitumia bila wasiwasi. Kasheshe huanza gesi ikibanwa sana au ikipoozwa.

Chukua mtungi wa jikoni. Tuseme una kilo 6 za propani tupu ndani ya lita 14, na joto ni nyuzi 27. Hizo ni moli 136 hivi. Piga hesabu, utapata presha ya karibu mara 240 ya hewa inayotuzunguka. Kiuhalisia ni kama mara 10 tu! Molekuli za propani zikisongamana huvutana mpaka sehemu kubwa ikawa kimiminika; tikisa mtungi, utakisikia kikichezacheza. Gesi ya kwenye kanuni haigeuki kimiminika hata uibane vipi.

Dhana: Presha haijashuka, kwa hiyo gesi bado ni tele.

Dhana hii imewaacha wengi na maharage mabichi jikoni. Kimiminika kikiwepo, huendelea kugeuka mvuke na kuziba pengo la gesi iliyotumika, hivyo presha haipungui sana hadi mwishoni kabisa. Weka mtungi kwenye mizani, kisha toa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa juu yake.

Dhana: Presha ya gesi halisi huwa ndogo kuliko ya hesabu.

Si lazima. Mvutano huipunguza, ukubwa wa molekuli huiongeza. Haidrojeni na heli huvutana kwa unyonge, kwa hiyo katika joto la kawaida presha yake huizidi ya kanuni. Mholanzi Johannes van der Waals aliyaingiza yote mawili kwenye mlinganyo mmoja mwaka 1873. Nobel ikamjia 1910.

Dhana: Gesi yoyote ukiibana sana itakuwa kimiminika.

Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, haikubali mpaka ipozwe chini ya nyuzi 82 hasi. Kwa hiyo magari ya gesi asilia ya Dar es Salaam hubeba gesi kavu, iliyobanwa hadi takriban mara 200 ya presha ya hewa. Huko geji inakwambia kilichobaki. Na kwa sababu ya mvutano uleule, tangi linameza methani zaidi ya ile ambayo PV = nRT ingekuahidi.