Damu Inaenda Wapi? Tunayoyaamini Kuhusu Watafiti Huku Kisumu na Siaya

"Kabla hujanidunga, kijana wangu, hiyo damu inaenda wapi?"

Mama huyo wa Manyatta, mtaa wa Kisumu mjini, alikuwa ameketi mlangoni na beseni la omena miguuni, anachambua mchanga. Mimi nilikuwa na wiki tatu tu kazini: fomu mkononi, kisanduku cha sindano begani, fulana yenye nembo ya mradi wa utafiti. Nikamjibu, "Maabara." Akauliza, "Maabara ya nani?" Nikanyamaza, maana fomu niliyoikariri haikuwa na jibu la hilo. Mwishowe alipangusa kidole kwenye leso akaninyoshea, akasema ananihurumia kwa kuwa mimi pia ni mtoto wa mtu.

Nilibisha hodi kwenye milango ya watu miaka kadhaa baada ya hapo, Kisumu mjini na vijiji vya Gem kule Siaya, na swali lile nililikuta kila mahali likiwa limevaa nguo tofauti. Si ajabu. Sehemu hii ya Kenya imechunguzwa kuliko nyingi barani. KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa mwaka 1979, ina kituo kikubwa pale Kisian, kwenye barabara ya kwenda Busia. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo unafika Chuo Kikuu cha Maseno, pale mstari wa ikweta unapopita. Bondo kuna chuo kilichopewa jina la Jaramogi Oginga Odinga, na Eldoret kuna Moi. Asembo, Gem na Karemo ziko boma ambazo kwa miaka mingi zimehesabiwa mara kadhaa kila mwaka: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Kwa wenyeji wote sisi ni "watu wa KEMRI", hata kama umetumwa na chuo ambacho hakijawahi kukanyaga Kisian.

Basi nianze na damu, kwa sababu kila kitu huanzia hapo.

"Wanauza damu"

Pwani wanamwita mumiani. Huku kwetu anaitwa kachinja: mtu wa usiku, mwenye gari, anayenyonya damu za watu akaenda kuziuza. Hadithi hiyo imezeeka kuliko watafiti wenyewe. Wao wameikuta tu, wakaingia ndani yake wakiwa na gari jeupe na sindano. Ukifikiri vizuri, wangeombaje wasifananishwe?

Tuangalie kiasi. Kipimo cha malaria cha kidole huhitaji tone moja au mawili. Kichupa cha kawaida kinachochukuliwa mkononi hubeba mililita 4 au 5, yaani kijiko cha chai. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi mwilini. Anayejitolea damu hospitalini hutoa mililita 450, na hiyo huingia kwenye mfuko maalumu wenye dawa ya kuihifadhi, ikapimwa magonjwa na kundi, ikawekwa kwenye baridi inayodhibitiwa. Kichupa cha utafiti chenye kifuniko cha zambarau kina kemikali ya kuzuia damu isigande kwa ajili ya mashine na darubini. Damu ile haiwezi kuongezewa mgonjwa yeyote. Mfanyabiashara wa kuinunua angepata hasara.

Inaenda wapi, basi? Tone moja hutandazwa kwenye kioo, likapakwa rangi, mtu akainamia darubini kuhesabu vimelea. Nyingine hupimwa wingi wa damu, au chembe za kinga. Nyingine huhifadhiwa kwenye jokofu la baridi kali, na hapa ndipo mama wa Manyatta alikuwa na haki ya kujibiwa kikamilifu: fomu lazima iseme kama sampuli itahifadhiwa, na kama itasafirishwa nje ya nchi. Haisafirishwi bila kibali. Na wewe unaweza kukubali kupimwa leo ukakataa sampuli yako kuhifadhiwa. Watu wengi hawajui kwamba hayo ni maswali mawili tofauti, kila moja na sehemu yake ya kutia alama. Nakiri kwamba nami siku zile nilikuwa nayasoma kwa pumzi moja.

"Ukitia sahihi umejifunga"

Hili ni fupi. Sahihi au alama ya kidole kwenye fomu ya ridhaa si mkataba wa kazi wala hati ya shamba. Unaweza kutoka katikati ya utafiti bila kutoa sababu, na huduma yako ya kliniki haiguswi. Nakala moja ya fomu ni yako. Ina nambari ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili iliyoupitisha mradi. Kamati hiyo iko kwa ajili ya kukulinda wewe, na mtafiti hawezi kuanza bila mradi wake kuidhinishwa nayo, kisha apate leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi. Tangu mwaka 2019 Kenya pia ina sheria ya kulinda data, na habari za afya ya mtu zimo miongoni mwa zile zinazolindwa kwa ukali zaidi.

Hizo shilingi mia chache unazopewa ukifika kliniki ni nauli na fidia ya muda wako. Zikizidi sana, kamati huzikata, kwa sababu mtu mwenye njaa hakatai pesa.

"Wanajaribia watoto wetu"

Chanjo ya malaria ndiyo iliyoleta maneno mengi. Jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S liliendeshwa kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, na Siaya na Kombewa zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Lakini kulikuwa na vituo 11 katika nchi 7, pamoja na Kilifi kwetu na Korogwe na Bagamoyo kule Tanzania, na watoto 15,459 kwa jumla. Si Nyanza peke yake iliyochaguliwa. Ilichaguliwa kwa sababu ambayo kila mzazi wa ukanda wa ziwa anaijua: mbu wako hapa.

Kuna jambo moja nililolijua baadaye, natamani ningelijua nikiwa nyanjani. Watoto waliokuwa kwenye kundi la kulinganishwa hawakudungwa maji. Wadogo zaidi walipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na wakubwa kidogo wakapewa ya kichaa cha mbwa. Yaani hakuna aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Chanjo yenyewe, kwa dozi nne, kwa hao wakubwa kidogo ilizuia karibu visa 4 vya malaria katika kila 10 kwa muda wa miaka minne. Si kinga kamili, na asikudanganye mtu kwamba chandarua kiwekwe kando. Septemba 2019 ikaanza kutolewa Kenya, uzinduzi ukifanyika Ndhiwa, Homa Bay, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Kilichojaribiwa kwa mtoto wa Siaya sasa anakipata mtoto wa Busia na Migori kwenye kliniki ya kawaida, bure.

"Jirani amepewa, mimi nimenyimwa: hapo kuna mkono wa chifu"

Nimetukanwa kwa hili kuliko kwa damu. Unaingia boma moja, unaruka mawili, unaingia la nne. Anayerukwa anaona upendeleo, na katika nchi ambayo orodha za msaada zina mambo yake, namlaumuje? Ukweli ni kwamba orodha hutoka kwa bahati nasibu. Kama chifu angechagua, tungepima marafiki wa chifu, na matokeo yangekuwa habari za marafiki wa chifu.

Asembo na Gem zilishaliona hilo kwa ukubwa wake. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu: vingine vikapewa vyandarua vyenye dawa mara moja, vingine vikasubiri. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 16 penye vyandarua. Vijiji vilivyosubiri vilipewa vyao jaribio lilipoisha. Lakini kilichowashangaza watafiti wenyewe ni nyumba zilizokuwa hazina vyandarua ila ziko ndani ya mita 300 kutoka kwa wenye navyo. Nazo zilipata nafuu inayokaribiana! Mbu aliyekufa kwenye chandarua cha jirani hawezi kukuuma wewe. Kwa hiyo wakati unamnunia jirani kwa kupewa, yeye alikuwa anakukinga bila kujua.

"Kuuliza habari za marehemu ni kuita mkosi"

Hapa sitanii, na sipendi namna wenzangu wengine wanavyolicheka. Kwa Wajaluo mwili ni lazima urudi nyumbani, uzikwe pahali pake, kwa utaratibu wake. Mgeni anayekuja wiki chache baadaye na maswali, homa ilianza lini, alikohoa, alitapika mara ngapi, anakanyaga kidonda.

Nakumbuka bibi mmoja Gem, dani, yaani nyanya, wa mtoto aliyefariki. Alinijibu maswali yote akiwa amegeuka, anaangalia kaburi dogo kando ya mgomba, na tulipofika swali la pumzi, kama kifua cha mtoto kilikuwa kinabonyea ndani anapovuta hewa, alinyanyua mkono akajibonyeza mbavu zake mwenyewe, taratibu, mara tatu. "Hivi, nyathina," akasema, yaani mwanangu. Nilitia alama kwenye simu ya kazi. Sikuwa na kisanduku cha kuandikia mkono ule.

Maswali hayo yapo kwa sababu watoto wengi hufia nyumbani na hakuna daktari aliyeandika sababu. Ukikusanya majibu ya maelfu ya familia, unaona kama ni malaria, nimonia au kuhara kunakoua katika eneo, na dawa zinaelekezwa huko. Miaka ya karibuni mpango wa CHAMPS, unaofanya kazi Karemo na hapo Manyatta, umekwenda hatua zaidi: kwa ridhaa ya wazazi, sampuli ndogo huchukuliwa kwa sindano kutoka mwili wa mtoto aliyefariki. Uvumi unasema wanatoa viungo. Hakuna kiungo kinachotolewa. Mwili haupasuliwi, unarudi kwa familia mzima, na mazishi hufanywa kama kawaida. Baadaye jopo la wataalamu hukaa kuamua chanzo cha kifo, na wazazi huitwa waambiwe. Nimesikia wazazi wakisema kuambiwa huko ndiko kulikomaliza minong'ono ya nani alimroga mtoto, jambo ambalo hakuna fomu iliyolitarajia.

"Utafiti wao huishia kabatini"

Nusu ya hili ni uongo na nusu ni kweli.

Nusu ya uongo: kati ya mwaka 2002 na 2005, hapa Kisumu, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 walijiunga na jaribio la tohara. Wajaluo kwa mila hawatahiri. Zamani alama yao ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Katika miaka miwili, waliotahiriwa walioambukizwa virusi vya UKIMWI walikuwa 22, na wasiotahiriwa 47. Desemba 2006 jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu haikuwa haki tena kumnyima yeyote. Mwaka 2008 serikali ikaanza kutoa tohara ya hiari bila malipo, na huku Nyanza wazee wa jamii walizungumzishwa kwanza. Kabati gani hilo linalofunguka kwa miaka miwili? Na kwa kuwa baadhi ya vijana walitoka na dhana nyingine mpya, kwamba kisu kimewaondolea hitaji la kondomu, wairudie ile namba: 22 walikuwa wametahiriwa na wakaambukizwa.

Nusu ya kweli: mradi mmoja niliofanya kazi, sitautaja, ulikusanya majibu kwa miezi kumi na minne. Pesa zikaisha, ofisi ikafungwa, tukarudisha fulana. Hakuna baraza lililoitwa. Mwaka uliofuata nilipopita kijiji kile kwa shughuli zangu, mzee wa mtaa alinisimamisha akaniuliza nilikuwa nimeuza majibu yao kwa nani. Hapo ndipo kachinja anapopata chakula chake. Mtu aliyechukua kitu kwako akatokomea, utamwitaje?

"Wao ndio wanajua tunachohitaji"

Dhana hii ni ya watafiti, si ya wanakijiji, na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Fedha za UKIMWI na malaria zipo, basi kila anayekuja huuliza UKIMWI na malaria. Chuo cha Moi walijaribu njia nyingine tangu shule yao ya udaktari ilipoanza mwaka 1990: wanafunzi hupelekwa kukaa vijijini, wajue jamii yenyewe inaumwa wapi kabla ya kuvaa koti jeupe. Mpango wa AMPATH, waliouanzisha pamoja na chuo cha Indiana cha Marekani mwaka 2001 kwa ajili ya UKIMWI, siku hizi unashughulika na shinikizo la damu na kisukari pia, maana wagonjwa walipoacha kufa kwa virusi walianza kuzeeka.

Mradi wangu wa mwisho ulirudisha matokeo. Tulikaa chini ya mwembe, uwanja wa shule ya msingi, Gem. Daktari aliyetoka chuoni alieleza asilimia za malaria kwa Dholuo safi, watu wakapiga makofi, nikaanza kukunja bango. Mwanamke mmoja nyuma akasimama, hakungoja kuitwa.

"Hayo tumeyasikia, daktari. Na kile kisima cha hapo chini, kinachonuka mvua ikinyesha, mlikipima?"

Daktari akanitazama. Nikapekua fomu kurasa zote kumi na mbili, halafu nikageuza ya mwisho, nikaandika nyuma yake: kisima.