Bia ya Mabaki: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Anayetengeneza bia nyumbani hufika siku akafungua kabati akakuta kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) cha aina tatu kilichobaki kidogo kidogo, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) robo paketi na hamira iliyokaribia tarehe. Kuvitumia ni jambo jema kabisa. Tatizo ni kwamba wengi hupanga mapishi kwa kuangalia kipi kimebaki kingi, wakasahau kuuliza kila kimoja bado kina uwezo gani.

Dhana: Kimea ni kimea, changanya vyote utapata bia

Hii ndiyo inayoharibu kazi kuliko zote. Kimea cheupe, kile cha msingi, kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari nafaka inapolowekwa kwenye maji ya nyuzi 62 hadi 68 za Selsiasi. Kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi hakina tena vimeng'enya hivyo, moto umeshaviua. Cha karameli nacho hakina, ingawa wanga wake uligeuka sukari tangu kilipotengenezwa, kwa hiyo hukuachia utamu na rangi hata ukikiloweka peke yake. Ngano au oti ambazo hazikuoteshwa zina wanga tele na hazina cha kuugeuza.

Ukijaza sufuria mabaki ya namna hiyo bila kimea cha msingi, utapata uji. Mimi huanza na sharti moja: kimea cha msingi kisipungue nusu ya uzito wote. Kama hakifiki, kanunue kingine. Baada ya kuloweka kwa saa moja, chota kijiko cha maji yake bila makapi, yamwage kwenye sahani nyeupe, uyaache yapoe kisha udondoshee tone la iodini. Rangi ikibaki ya kahawia, wanga umegeuka. Ikiingia weusi wa buluu, acha iendelee kulowekwa. Wanga ukibaki, bia haitakuwa angavu na vijidudu vitapata chakula.

Dhana: Aina nyingi za kimea huleta ladha nyingi

Mara nyingi ladha hufunikana tu. Kimea cheusi kikizidi sehemu moja ya kumi ya nafaka zote, bia huanza kuwa na ukali wa kuungua. Chagua ladha moja iongoze, hayo mengine yasubiri zamu yao.

Dhana: Sukari iliyobaki itaipa bia uzito

Ni kinyume chake. Hamira huila sukari ya mezani yote, ikaacha kileo na bia nyepesi mdomoni. Nusu kilo kwenye lita 20 hupandisha kipimo cha haidromita (chombo kinachoonyesha wingi wa sukari kwenye maji) kwa pointi 9 au 10 hivi, yaani kutoka 1.040 hadi karibu 1.050. Inafaa ukitaka bia kali iliyo kavu, yaani isiyo na utamu.

Dhana: Hopsi zikikaa zimekufa, au, hopsi hazizeeki

Nimesikia zote mbili, na zote si kweli. Asidi za alfa, ambazo ndizo zinazoleta uchungu, hupungua kadiri hopsi zinavyokutana na hewa na joto, na kila aina hupungua kwa kasi yake. Zilizofungwa bila hewa ndani ya friza hudumu vizuri. Paketi iliyoachwa wazi kabatini ni habari nyingine.

Hesabu inaonyesha tofauti. Gramu 30 zenye asidi za alfa asilimia 8, zikichemshwa saa moja kwenye lita 20, na robo ya asidi hizo ikiingia ndani ya bia, hutoa uchungu wa IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 30 hivi. Asidi zikishuka hadi asilimia 5, utapata kama 19. Kwa hiyo ongeza kiasi, wala usiamini namba ya kwenye paketi iliyofunguliwa zamani.

Kabla ya hesabu, zisugue viganjani unuse. Zikinuka jibini au soksi, usizitie mwisho wa kuchemsha wala baada yake, kwa sababu harufu hiyo itaingia kwenye bia. Watengenezaji wa lambiki, bia inayochachushwa na vijidudu vya hewani, nchini Ubelgiji huzeesha hopsi kwa makusudi: wanataka kinga yake dhidi ya bakteria bila uchungu mwingi. Lakini bia yao ni ya namna ya pekee.

Dhana: Hamira iliyopita tarehe ni ya kutupa

Ijaribu kwanza. Chemsha gramu 100 za unga wa kimea (maji ya kimea yaliyokaushwa, si nafaka iliyosagwa) kwenye lita moja ya maji, poza, tia hamira, ngoja siku moja au mbili. Ikitoa povu na mashapo meupe, na harufu ni safi, iko hai. Paketi ya hamira kavu iliyofunguliwa, ifunge vizuri, iweke kwenye friji, uitumie ndani ya wiki.

Dhana: Maji ya kimea yaliyobaki yamechemshwa, hivyo yakifungwa kwenye chupa ni salama

Hapa naomba tusichukulie wepesi. Mbegu za bakteria Clostridium botulinum haziuawi na kuchemsha kwa kawaida. Maji ya kimea yasiyochachuka, yaani yale matamu kabla ya kutiwa hamira, huwa na pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya juu ya 5, wakati bakteria huyo huzuiwa pH ikiwa chini ya 4.6. Ndani ya chupa iliyozibwa, bila hewa na kwenye joto la chumba, anaweza kutoa sumu ambayo huioni wala huinusi. Yagandishe kwenye friza siku hiyohiyo, na siku ya kuyatumia yachemshe upya.