Jiwe Kwanza, Jengo Baadaye: Mahekalu ya Shiva Yasiyotajwa Sana

Mtu anayetaka kuifahamu historia ya ibada ya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, kwa kawaida huelekezwa kwenye mahekalu mashuhuri: Somnath kwenye pwani ya Gujarat, Kashi Vishwanath mjini Varanasi, au Kedarnath huko Himalaya. Mahekalu hayo yanastahili heshima yake, lakini kwa mtafiti yana ugumu mmoja, nao ni kwamba umaarufu umeyafanya baadhi yake yabomolewe na kujengwa upya mara kadhaa. Jengo la Kashi Vishwanath linaloonekana leo lilijengwa mwaka 1780 kwa amri ya Malkia Ahilyabai Holkar, na lile la Somnath ni la karne ya 20. Linga yake, yaani jiwe takatifu la ndani, iliwekwa wakfu Mei 1951. Nimefundisha historia ya dini za Bara Hindi kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuvutwa na mahekalu ya kando, ambayo wageni wachache huyafikia, kwa kuwa huko ndiko jambo moja la msingi linapoonekana bila kufunikwa na dhahabu: katika ibada ya Shiva jiwe hutangulia, na jengo ni vazi la jiwe hilo.

Jiwe ninalolizungumzia ni linga, neno la Kisanskriti lenye maana ya alama. Mahekalu ya Vishnu au ya miungu wa kike huwa na sanamu yenye uso na mikono katika chumba cha ndani kabisa, chumba ambacho jina lake, garbhagriha, maana yake ni nyumba ya mimba. Katika hekalu la Shiva aghalabu chumba hicho huwa na nguzo fupi ya jiwe yenye kichwa cha mviringo, isiyo na uso wala kiungo chochote. Linga iliyochongwa kwa kufuata vitabu vya kanuni ina sehemu 3: ya chini ni ya pembe 4 na huhesabiwa kuwa ya Brahma, ya kati ni ya pembe 8 na ni ya Vishnu, na ya juu, iliyo duara, ndiyo ya Shiva mwenyewe. Sehemu mbili za chini huzamishwa katika kitako, hivyo mwabudu huiona ile ya juu peke yake. Zipo pia linga ambazo hazikuchongwa na mkono wa mtu, mawe yaliyochomoza ardhini yenyewe, na hizo huitwa swayambhu, yaani zilizojitokeza zenyewe. Katika imani ya watu wengi, hizi ndizo zenye nguvu zaidi.

Linga ya kale kuliko karibu zote tunazozijua haifuati kanuni hizo, kwa sababu ilikuwepo kabla ya kanuni zenyewe. Iko Gudimallam, kijiji kilicho karibu na mji wa Tirupati katika jimbo la Andhra Pradesh. Mamilioni ya mahujaji hufika Tirupati kila mwaka kwa ajili ya hekalu la Venkateshwara lililo mlimani, lakini wanaoendelea hadi Gudimallam ni wachache mno. Ndani ya hekalu dogo liitwalo Parasurameswara limesimama jiwe lenye urefu wa takriban mita 1.5, lililochongwa kwa umbo la uume bila kificho chochote, na mbele yake amechongwa Shiva akiwa amesimama juu ya mabega ya kiumbe mfupi aliyechuchumaa. Mungu huyo ana mikono 2 tu, wakati sanamu za karne za baadaye humpa 4 au zaidi. Mkono wa kulia umemshika mnyama kwa miguu ya nyuma, mkono wa kushoto una chungu, na shoka limelazwa begani. Wataalamu wengi huliweka jiwe hili katika karne ya 2 au ya 1 KK.

Msomaji anaweza kuona haya akisoma maelezo ya umbo hilo, na Wahindu wengi wa leo hukataa kabisa kwamba linga ina uhusiano wowote na uume; kwao ni nguzo ya nuru isiyo na mwanzo wala mwisho, kama inavyosimuliwa katika Purana, vitabu vya kale vya simulizi za miungu. Ninaiheshimu tafsiri hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoongoza ibada ya watu walio hai. Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kuliruka jiwe la Gudimallam. Linaonyesha kwamba hapo awali umbo hilo lilimaanisha nguvu ya uzazi, kwamba maana ya nguzo ya nuru ilikua juu yake baadaye, na kwamba jiwe moja limeweza kuzibeba maana zote mbili.

Kwa hoja yangu, jambo lenye uzito zaidi ni lile lililofukuliwa chini ya sakafu. Wanaakiolojia wa India walipochimba hapo mwaka 1973 na 1974, waliona kwamba mwanzoni linga ilisimama wazi, chini ya anga, ikiwa imezungushiwa ua wa mawe wa mraba. Jengo la matofali lilikuja karne kadhaa baadaye, na jengo la mawe tunalolikuta leo ni la zama za watawala wa Pallava na Chola. Maandishi yaliyochongwa ukutani yanaeleza kwamba lilijengwa upya mwaka 1126, wakati wa Mfalme Vikrama Chola. Ukuta wa nyuma wa chumba cha ndani umepinda kama mgongo wa tembo aliyelala, umbo ambalo mafundi wa kale walilipenda, na sakafu ya chumba hicho iko chini kuliko sakafu ya ukumbi ulio mbele yake, hivyo mtu humshukia mungu badala ya kumpandia. Sababu ni nyepesi: ardhi na majengo vimepanda kwa karne nyingi, ilhali jiwe halikuhamishwa kutoka mahali pake pa kwanza.

Kabla sijaendelea inafaa nieleze kinachofanyika mbele ya jiwe, kwani bila hayo hekalu hubaki jengo la makumbusho. Kiini cha ibada ya Shiva ni abhisheka, yaani kulikosha jiwe. Kuhani humimina maji, kisha maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, kila kimoja kwa wakati wake na kwa maneno yake, kisha maji tena. Baada ya hapo jiwe hupakwa msandali au majivu matakatifu na kuvikwa majani ya mti wa bilva, ambayo huota matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Katika mahekalu mengi chombo chenye tundu dogo huning'inizwa juu ya linga ili maji yadondoke tone kwa tone mchana kutwa. Yote yaliyomiminwa hukusanywa na kitako cha linga, nacho kina mfereji unaoyapeleka nje, kwa kawaida upande wa kaskazini.

Mfereji huo ndio unaomtambulisha mwabudu anayejua anachokifanya. Wahindu huzunguka chumba cha mungu wakimweka upande wao wa kulia, lakini kwa Shiva hawauvuki mfereji: mwabudu akiufikia hugeuka, hurudi kwa njia aliyopita hadi upande wake wa pili, kisha hugeuka tena, hivyo mwendo wake wote huwa na umbo la mwezi mwandamo. Katika mahekalu ya Kitamil, karibu na mfereji hukaa sanamu ya Chandikeshvara, mlinzi wa mali ya Shiva, na watu hupiga makofi kidogo mbele yake ili kumwonyesha kwamba mikono yao ni mitupu na hawaondoki na chochote cha hekaluni. Mambo madogo kama haya hunigusa kuliko mnara wowote.

Sasa niingie Bhojpur, mahali ninapopapenda kuliko pote. Kijiji hiki kiko kando ya Mto Betwa, umbali wa kama kilomita 28 kutoka mji wa Bhopal, na hekalu lake huhusishwa na Mfalme Bhoja wa ukoo wa Paramara, aliyetawala Malwa kuanzia karibu mwaka 1010 hadi 1055. Bhoja alikuwa mlezi wa wasomi, na jina lake limeambatana na Samarangana Sutradhara, kitabu cha Kisanskriti kuhusu usanifu wa majengo. Hekalu lake halikumalizika. Halina mnara wala ukumbi wa mbele, kuta zake za nje hazina mapambo, na kuba lake la mawe, lililopangwa kwa kusogeza kila safu ndani kidogo kuliko safu iliyo chini yake, liliachwa wazi katikati. Hata hivyo, linga iliyomo ndani imekamilika na kung'arishwa: jiwe moja lenye urefu wa mita 2.3 na mzunguko wa zaidi ya mita 5, lililowekwa juu ya jukwaa ambalo peke yake humpita mtu mrefu kwa mbali. Kuhani anayetaka kumimina maji kichwani pake hana budi kupanda ngazi.

Kwa kuwa kazi ilikatizwa, kila kitu ambacho mafundi huondoa siku ya kukabidhi jengo kimebaki palepale. Nyuma ya hekalu lipo tuta kubwa la udongo na mawe, lenye mwinamo, ambalo juu yake mawe yalikokotwa hadi kwenye kuta. Kwingineko tuta kama hilo lingefukuliwa na kutawanywa. Machimboni yapo mawe yaliyokwisha kuchongwa nusu. Juu ya miamba inayolizunguka hekalu wajenzi walichora kwa patasi ramani na michoro ya sehemu za jengo: vitako vya kuta, nguzo, vipande vya paa, hata ramani za mahekalu mengine ambayo hayakujengwa. Adam Hardy, mtaalamu wa usanifu wa mahekalu ya Kihindi, ameichambua michoro hiyo mmoja mmoja na kuilinganisha na mafundisho ya kile kitabu cha Bhoja. Kwenye mawe ya jengo lenyewe zimo alama za waashi. Nilipopita vidole juu ya mistari ile kwa mara ya kwanza nilihisi kama fundi ameondoka kwenda kunywa maji na atarudi sasa hivi.

Kwa kanuni za makuhani, hekalu hukamilika pale chungu cha kilele kinapowekwa juu ya mnara na kuwekwa wakfu. Bhojpur hakuna kilele. Ukizishika kanuni hizo kwa ukali, hapo hapakuwa hekalu kamwe. Watu wa vijiji vya jirani hawakuingoja hukumu hiyo. Jumatatu, ambayo ni siku ya Shiva, huja na vyombo vyao vya maji na majani ya bilva, na usiku wa Mahashivaratri, unaoangukia Februari au Machi mwezi unapokaribia kwisha, uwanja mzima hujaa watu na kunakuwa na gulio kubwa. Usiku huo hugawanywa katika zamu 4, kila zamu na kukosha kwake, na waumini hufunga na kukesha wakitaja maneno Om Namah Shivaya. Idara ya Akiolojia ya India inalitunza jengo kama urithi wa taifa, na waumini wanalitunza jiwe. Ninaona mgawanyo huo wa kazi unafaa.

Tungnath, katika jimbo la Uttarakhand, nitapapitia kwa haraka ingawa pana uzuri wake. Hekalu lipo kwenye mwinuko wa mita 3,680, na linga yake ni mwamba wa asili unaoaminiwa kuwa ni mikono ya Shiva. Simulizi husema kwamba ndugu wa Pandava, baada ya vita vinavyosimuliwa katika utenzi wa kale wa Mahabharata, walimfuata Shiva ili awasamehe, naye akajigeuza fahali na kuzama ardhini, kisha viungo vyake vikachomoza mahali 5 milimani. Theluji ikikaribia hekalu hufungwa, na sanamu ya kuwakilisha hubebwa hadi kijiji cha Makku, ambako ibada huendelea hadi majira ya joto. Makuhani wake hutoka katika kijiji hichohicho, tofauti na Kedarnath ambako kuhani mkuu hutoka kusini mwa India. Mwamba wenyewe hubaki juu, chini ya theluji.

Mahali pa mwisho ni Kavi Kamboi, kijiji cha Gujarat kwenye Ghuba ya Khambhat, na hapo msomaji wa pwani yetu atajiona yuko karibu na kwao. Bandari ya Khambhat ndiyo iliyotuma vitambaa na shanga za akiki hadi Kilwa na Mombasa kwa karne nyingi, na majahazi yaliyozileta yalilazimika kuisoma bahari ngumu sana. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika ghuba hiyo hupita mita 10. Kwetu ni kama mita 4. Katika ufuko huo imo linga iitwayo Stambheshwar. Skanda Purana inasimulia kwamba Skanda, mwana wa Shiva, alipomuua jitu Taraka alijuta kwa kuwa Taraka alikuwa mcha Shiva, hivyo akasimamisha linga ili kuitakasa nafsi yake, na waumini wanaamini kwamba hii ni mojawapo.

Jengo linaloizunguka leo ni la kawaida, nguzo na sakafu za zama zetu, na wapenda usanifu hawana la kutazama. Mara 2 kila siku bahari huingia na kulifunika jiwe kabisa. Waumini huiita hali hiyo abhisheka inayofanywa na bahari yenyewe, na kwa kuwa kukosha ndiko kiini cha ibada hii, sioni sababu ya kuliona jina hilo kuwa ni mapambo ya maneno. Anayetaka kuabudu huulizia kwanza saa za maji, kama mvuvi. Huingia maji yakiwa yamekupwa, humimina maziwa yake, huweka majani na maua, kisha hutoka kabla mkondo haujageuka. Wengine hukaa ufukweni kutazama maji yakipanda taratibu, yakichukua maua kwanza, kisha kitako, kisha kichwa cha jiwe, na baada ya saa kadhaa kuhani huteremka tena na ndoo na ufagio kuondoa tope.