Patipati si athi

Jumatatu nimeisikia tena ile kauli kwamba ukivaa patipati stima ya shawa haikudhuru. Mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliniita kwa sababu ya soketi ya jikoni. Nikaitengeneza, na nilipokuwa nakusanya vifaa akanitajia kama jambo dogo tu: "Fundi, shawa nayo huuma kidogo ukishika mfereji, lakini hiyo haina neno, sisi huvaa patipati." Ana watoto wawili, mdogo yuko darasa la pili. Patipati za yule mdogo zilikuwa mlangoni pa bafu, kisigino kimelika hadi ukiziinua unaona mwanga.

Hiyo kauli ya patipati nimeisikia Kayole, Donholm, Kitengela, hata Kilimani kwenye nyumba za kodi kubwa. Watu waliosoma wanaiamini. Mafundi wenzangu wanawaambia wateja hivyo wakishindwa kupata kasoro. Inaniudhi kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, kwa sababu kinachozungumziwa ni mtu aliye uchi, ameloa, na volti 240 ziko futi moja juu ya kichwa chake.

Elewa kwanza shawa yenyewe. Nyingi tunazofunga Nairobi elementi yake iko uchi ndani ya maji. Maji yanapita juu ya koili yenye stima, kwa hiyo kuna stima kidogo itakayofuata maji, hata shawa ikiwa mpya. Ndiyo maana imetoka kiwandani na waya ya kijani, yaani athi: ule uvujaji upate njia ya kwenda ardhini kabla haujapitia kwako. Maji ya kisima yana chumvi zaidi na yanapitisha stima zaidi, kwa hiyo kama ploti yenu inatumia kisima nunua ile ya maji ya chumvi, ambayo elementi yake imefunikwa. Bei ni juu kidogo. Nunua.

Sasa patipati. Mpira mkavu kwenye sakafu kavu unazuia stima, ni kweli. Bafuni hakuna kikavu. Maji yametapakaa juu ya mguu na chini ya mguu, na yanaunganisha ngozi yako na sakafu kana kwamba hujavaa kitu. Ngozi kavu inaweza kuwa na ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia stima, wa makumi ya maelfu ya omu. Ikiloa na sabuni mwili mzima unashuka karibu na omu 1,000. Halafu nani amesema stima lazima itokee miguuni? Mkono mmoja uko kwenye mfereji, mwingine umeegemea ukuta uliolowa au umeshika fremu ya dirisha la chuma. Njia hiyo inapita kifuani, na patipati haina habari. Kinachokufanya useme "inauma kidogo" ni miliampia moja au mbili. Ikifika 10 na kuendelea misuli inajikaza, na mkono unaweza kukataa kuachia.

Nilifungua ile shawa ya mama wa Umoja. Nyekundu imefungwa, nyeusi imefungwa, kijani imekatwa kwa kisu na kuviringwa tepu nyeusi. Mume wake aliifunga mwenyewe baada ya kutazama video. Jioni tulizungumza kwa simu, mtu mwenye adabu, akanieleza: "Nilijaribu bila hiyo, maji yakachemka vizuri." Na kweli yalichemka. Athi haichemshi maji. Athi haifanyi kazi yoyote unayoweza kuiona, na huo ndio ugumu wa kuitetea mbele ya mtu anayejitengenezea nyumba yake. Ukisahau nyutro, waya ya kurudisha stima, shawa haiwaki, na kosa linajitangaza. Ukisahau athi, kila kitu kinawaka, unajipongeza, na kosa linakaa kimya hadi siku elementi itakapopasuka.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampia 23, kwa hiyo usiichomeke kwenye soketi ya ampia 13. Vuta waya ya milimita 6 za mraba peke yake kutoka kwenye boksi ya breka, na suwichi iwe ya kukata nyaya zote mbili. Ukikata nyutro peke yake, elementi inabaki na moto, yaani stima, hata taa ya suwichi ikizima. Na ile testa ya bisibisi haipimi athi.

Hapa ndipo nataka tukae, maana hata wanaofunga waya ya kijani huishia kuifunga tu. Swali ni moja: ile waya inaishia wapi? Mwaka jana niliitwa kwenye ghorofa moja upande wa Embakasi. Kijana wa orofa ya pili alikuwa analalamika kuhusu friji. Friji, si shawa. Ukiigusa mlango inakurusha. Nikaichomoa, nikaipima, nzima kabisa. Nikapima soketi: athi ipo, imefungwa vizuri, na yenyewe ndiyo ilikuwa na moto. Tulipanda orofa kwa orofa tukizima breka moja moja, hadi tukafika ya nne, kwa mama aliyekuwa akioga. Alipozima shawa yake friji ya kijana ikaacha kurusha. Waya ya kijani ya jengo lote ilikuwa imeunganishwa vizuri orofa zote, kisha chini, nyuma ya mita, ncha yake ilikuwa inaning'inia hewani. Athi rodi, ile fimbo ya chuma ya kupeleka stima ardhini, haikuwahi kupigwa. Kila kilichovuja juu kiligawiwa nyumba zote kama maji ya tangi.

Kuna na ile ya kufunga athi kwenye bomba la maji. Zamani, bomba likiwa la chuma hadi ardhini, ilisaidia. Siku hizi fundi wa maji anabadilisha kipande kilichooza anaweka PPR, ambayo ni plastiki, na kuanzia saa hiyo mifereji yote ya chuma ndani ya nyumba inakuwa na stima isiyo na pa kwenda. Hakuna aliyemwambia kwamba amekata athi.

Hata rodi ikiwepo, mita ya kawaida ya kupimia volti itakudanganya. Ukipima laivu, waya inayoleta stima, na athi itaandika 240 na utafurahi, lakini mita ile haivuti stima yoyote ya maana. Uzi mmoja wa waya unatosha kuipa hiyo 240. Chukua rodi yenye ukinzani wa omu 200. Laivu ikigusa athi, 240 kwa 200 ni ampia 1.2. Breka yako ya 40 haitajua kitu. Haitaanguka leo wala kesho, na chuma chote ndani ya nyumba kitabaki na moto. Ndiyo maana nasisitiza RCD, kifaa cha kukata stima inayovuja, ya miliampia 30: yenyewe inalinganisha kinachoenda na kinachorudi, tofauti ikizidi inakata.

Na hapa nina mashaka ambayo sikufundishwa chuoni. Elementi iliyo uchi kwenye maji ya kisima inaweza kuangusha RCD kila asubuhi, na mteja akichoka anamwita mtu wa kuitoa. Nimefunga RCD nzuri nikarudi nikaikuta imerukwa kwa kipande cha waya. Pia kuna nyumba za kupanga zisizo na athi kabisa, ambapo nimefunga RCD peke yake nikaondoka. Itakata, lakini bila athi inasubiri stima ipite kwa mtu kwanza. Ni afadhali kuliko kutokuwa na chochote, naamini hivyo, ila silali vizuri nikiifikiria. Udongo nao: rodi iliyopigwa kwenye udongo mweusi wa Embakasi wakati wa mvua za Aprili inaweza kupima vizuri sana, kisha Februari udongo unapasuka na kuachana nayo. Mimi hurudi kupima kiangazi nikiweza. Si kila mteja anakubali kulipia safari ya pili.

Badilisha washa ya mfereji, badilisha balbu, zibua sinki, hayo jifanyie. Shawa mwite mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na akimaliza mwambie akuonyeshe kwa macho mahali waya ya kijani inapoingia ardhini.

Kwa yule mama nilizima breka ya shawa nikaibandika tepu. Alhamisi nilirudi na mashine ya kupima athi, nikaifuata waya hadi chini kwenye mita, nikakuta imekunjwa ndani ya boksi. Athi rodi nimenunua, iko dukani kwangu. Mwenye ploti bado hajamruhusu keteka, msimamizi wa ploti, tuchimbe. Watoto wanaogea maji ya sufuria.