Mkanda wa taimingi umebadilishwa, injini imekufa: dhana potofu kuhusu nani alipe

Mkanda wa taimingi ukibadilishwa leo na injini ife baada ya wiki tatu, ugomvi hauchelewi. Mwenye gari anasema fundi ameua injini. Fundi anasema gari lilitoka kwake likiwa zima. Nitatumia zaidi Subaru zenye injini ya EJ20, maana zimejaa Kenya na hazisamehi kosa.

Dhana: Imekufa baada ya kazi ya fundi, basi ni fundi.

Ukweli: Kinachoamua ni kipi kilichoharibika kwanza. Mkanda huunganisha krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu) ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Kwenye EJ20 yenye kamshafti mbili kila upande, mkanda ukikatika au ukiruka meno mengi, pistoni hukutana na valvu zikapinda, na kipimo cha kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) kitaonyesha silinda zipi zimekwisha. Lakini injini ikifunguliwa, mkanda ukawa mzima, alama zote za gia zimelingana, na beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti) ndiyo iliyosagika, hapo tafuteni habari za oili. Gasketi ya hedi ikiungua, lawama inaweza kwenda upande wowote. Kama pampu ya maji ilibadilishwa siku hiyohiyo, maji yakarudishwa bila kutoa hewa na injini ikachemka, fundi ana la kujibu.

Si kila injini hupindisha valvu pia. Toyota yenye injini ya 3S-FE, mkanda ukikatika, huzima tu. Unafunga mwingine na safari inaendelea. Ukiletewa bili ya valvu za 3S kwa sababu ya mkanda, omba uonyeshwe hizo valvu. Na anayekudai pesa za mkanda wa taimingi wa Vitz yenye 1NZ anakuibia, kwa sababu injini hiyo ina cheni.

Dhana: Ningeufunga vibaya, gari lisingetoka gereji.

Ukweli: Huu ndio utetezi ninaousikia sana kwa mafundi, na ni dhaifu. Jino moja likikosewa, injini inaweza kuwaka, ikatetemeka kidogo ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, taa ya injini ikawaka, na mteja akaambiwa itajizoea. Bolti ya roli (gurudumu dogo linaloongoza mkanda) isiyokazwa vizuri hulegea polepole. Bolti kubwa ya puli ya krankishafti ikikazwa kwa makisio, puli huanza kucheza na kula mahali pa ufunguo wake (kijichuma kinachoishikilia kwenye shafti). Hayo yote yanaweza kuchukua wiki.

Kosa maarufu la EJ20 liko kwenye gia ya krankishafti. Mbele ina mshale unaovutia macho, na fundi mgeni huuelekeza juu akidhani ndiyo alama. Alama yenyewe ni kimstari kidogo kwenye jino la nyuma, karibu na sensa ya krankishafti. Kwa hiyo kabla ya kugusa stata, krankishafti huzungushwa kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha alama za gia zinakaguliwa upya. (Mistari iliyochorwa kwenye mkanda wenyewe haitarudi mahali pake baada ya mizunguko hiyo. Usigombane na fundi kwa hilo.) Spana ikigoma katikati, unasimama. Stata haijui kusimama, na fundi aliyeruka hatua hii sioni la kumtetea.

Dhana: Spea aliileta mteja, mimi simo.

Ukweli: Spea na kazi ni mambo mawili. Tenshona (kifaa kinachokaza mkanda) bandia ikivuja baada ya mwezi, mteja arudi kwa aliyemuuzia. Bolti iliyoachwa legelege ni ya fundi, hata kama mkanda ulitoka Japani ndani ya boksi lake. Mteja naye asijisahau. Akiambiwa roli zinalia na pampu inavuja, akasema weka mkanda tu, roli ikigoma na kumega meno ya mkanda mpya, mzigo ni wake. Fundi mwerevu huandika onyo hilo kwenye risiti, au walau hulituma WhatsApp.

Dhana: Ukutani kuna tangazo kwamba gereji haihusiki na hasara yoyote, na risiti sina, basi imeisha.

Ukweli: Tangazo halifuti sheria. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, yenye sehemu maalumu kuhusu ukarabati wa magari: makadirio ya gharama, kurudishiwa spea zilizotolewa, na dhamana ya kazi. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha ulilipa nani, lini na kiasi gani. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Kinachoua kesi nyingi ni kumrudishia fundi yuleyule gari aivunje injini peke yake usiku, asubuhi unakuta vipande kwenye beseni la petroli na kila alama imepotea. Likizima barabarani, usilipige stata tena. Livutwe, na vifuniko vya mkanda vifunguliwe mbele yenu wote wawili na fundi wa tatu asiye na upande. Pigeni picha za alama, tenshona na kila roli kabla ya kulegeza chochote. Mkanda wenyewe utie mfukoni uende nao nyumbani: meno yaliyomegwa sehemu moja huashiria kitu kilichokwama, na mkanda uliolowa oili unawaelekeza kwenye sili inayovuja.