Mboni moja kubwa, nyingine ndogo: yanayosemwa na ukweli wake

“Mboni zisizolingana maana yake ni ugonjwa wa ubongo.”

Mara nyingi sivyo. Takriban mtu mmoja kati ya watano ana mboni zinazotofautiana kidogo bila ugonjwa wowote. Tofauti hiyo kwa kawaida haifiki milimita 1, haibadiliki sana kati ya mwangani na gizani, na mboni zote mbili husinyaa vizuri zikimulikwa. Wengi huishi nayo miaka na miaka hadi siku mtu mwingine aigundue.

Swali la maana ni hili: imeanza lini? Tafuta picha zako za zamani zilizopigwa kwa karibu, kama zile za kitambulisho, uzikuze kwenye simu na uangalie mboni. Ukiikuta tofauti ileile kwenye picha ya miaka kumi iliyopita, na huna dalili nyingine, huna haja ya kukesha kwa hofu. Mwoneshe daktari wa macho kwa nafasi yako, ukiwa na picha hizo mkononi. Isipokuwapo, ni jambo jipya, na jambo jipya linahitaji kupimwa mapema.

“Ile kubwa ndiyo mbovu.”

Huenda ni ile ndogo. Kuna neva (mishipa ya fahamu) zinazoibana mboni na nyingine zinazoipanua. Tofauti ikizidi kwenye mwanga mkali, mboni kubwa ndiyo inayoshindwa kubana. Ikizidi gizani, mboni ndogo ndiyo inayoshindwa kupanuka, na hapo tazama kope pia: ikiwa imeshuka hata milimita 1 au 2 upande huohuo, daktari atafikiria tatizo liitwalo Horner.

Neva zinazohusika hapo zina safari ndefu. Hutoka kwenye ubongo, hushuka na uti wa mgongo hadi kifuani, hupita juu ya ncha ya pafu, kisha hupanda shingoni zikiandamana na ateri kubwa ya damu hadi jichoni. Ndiyo maana mtu huja na shida ya jicho akaagizwa kupimwa shingo na kifua, daktari hajakosea. Horner iliyotokea ghafla pamoja na maumivu ya shingo, uso au kichwa, hasa baada ya ajali au shingo kupindwa kwa nguvu, inaweza kuwa dalili kwamba ukuta wa ateri hiyo umechanika kwa ndani. Mchaniko huo huweza kuleta kiharusi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

“Kama haliumi, linaweza kusubiri.”

Dhana hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Mboni iliyopanuka ghafla, kope ikaanguka, mtu akaona vitu viwiliviwili na jicho likaelekea nje na chini, ni ishara kwamba neva ya tatu ya fuvu, ile inayoendesha kope, mboni na misuli mingi ya jicho, imeguswa. Huenda inabanwa na mshipa wa damu wa ubongo uliovimba, na mshipa huo ukipasuka damu huvuja kichwani. Maumivu yanaweza kuwa makali, yakawa madogo, au yasiwepo kabisa. Usisubiri yaje.

Dharura nyingine ni jicho jekundu linalouma sana, lenye ukungu, huku mgonjwa akitapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa: huenda ni presha ya jicho iliyopanda ghafla, nayo huweza kupofusha. Na mtu aliyeumia kichwa, mboni moja ikapanuka huku anazidi kusinzia au kuchanganyikiwa, hapelekwi kulala. Anapelekwa hospitali.

“Jicho lenye mboni kubwa limekufa, halioni.”

Ubongo hupokea mwanga kutoka jicho lolote, kisha huziamuru mboni zote mbili kwa nguvu sawa. Kwa hiyo hata neva ya kuona ya jicho moja ikifa, hilo peke yake haliachi mboni zikiwa na ukubwa tofauti. Mwanamuziki David Bowie alipigwa ngumi jichoni mwaka 1962, na mboni ya jicho hilo ikabaki imepanuka maisha yake yote. Wengi waliamini macho yake yana rangi mbili. Ilikuwa mboni tu: ikipanuka, jicho huonekana jeusi zaidi.

“Dawa haiwezi kufanya hivyo.”

Inaweza. Mvuke wa baadhi ya dawa za pumu ukipenya pembeni ya barakoa ya kuvutia dawa, au kidole kilichoshika kiraka cha dawa kinachobandikwa ngozini kuzuia kichefuchefu cha safari kikasugua jicho, mboni hiyo huweza kupanuka kwa saa kadhaa au hata siku. Mtajie daktari kila ulichoshika au kutumia. Na ukiwa njiani kwenda kwake, usitie matone ya macho yaliyobaki nyumbani: yapo yanayobadilisha ukubwa wa mboni, na mboni hiyo ndiyo anayotaka kuipima.